Kwa Doto, Uliyetoboa Sufuria ya Mayu

Mpendwa pacha wangu Doto,

Mwangaluka. Najua salamu hii ya asubuhi inadai kuitikiwa, na Mayu, kama mama yeyote, angenigombeza kwa kumsalimu mtu kisha nikaendelea kuongea kabla hajanijibu. Basi nitajiitikia mwenyewe: mhola, tupo. Mvua imekuja vizuri mwaka huu, pamba imefika kiunoni, na mimi sasa ni karani wa chama cha wakulima hapa kijijini, kwenye kile chumba cha bati ulichokuwa ukikiita tanuri. Nakuandikia mlango ukiwa wazi, na mkono wangu umetulia. Nalitaja la mkono kwa sababu unajua unavyotetemeka nikiogopa.

Nimetaka kukuandikia tangu siku tuliyoiwasha ile modem yako. Habari yenyewe imeshazunguka kijiji kizima na kila mtu anaisimulia anavyotaka. Akiisimulia Minza, yeye ndiye alikuwa mnara. Akiisimulia mwenyekiti, wazo lilikuwa lake. Nataka wewe uipate kutoka kwangu, taratibu, bila chumvi.

Lakini kwanza nikurudishe Somanda, kwenye kile chumba tulichopanga. Mimi nimetoka chuo, vyeti vyangu viko kwenye bahasha ya plastiki, nasubiri kazi. Wewe uliyeacha shule mapema una meza yako ya ufundi simu barazani, bodaboda zinapita karibu kiasi kwamba vumbi linaingia kwenye simu ulizozifungua. Ndani, juu ya sanduku la nguo, ipo ile laptop uliyoinunua kwa mtumishi aliyehama. Betri yake ilikuwa imekufa, haikuwaka bila kuchomekwa ukutani, na kile kifaa chake cha kushika mtandao wa hewani kilikuwa kimekufa pia. Ukaiwekea Linux badala ya Windows. Ulisema haidai leseni, na tena wateja wako walikuja na flash zilizojaa virusi kama mbuzi aliyejaa kupe, na kompyuta yako haikuugua hata mara moja.

Mimi niliiogopa. Niliogopa hasa lile dirisha jeusi ulilokuwa ukilifungua, lisilo na picha wala kitufe, ambalo unaliandikia amri nalo linatii bila kukuuliza mara mbili.

"Neno moja baya na kila kitu kinafutika," nilikuambia.

"Halifuti kitu ambacho halijaambiwa lifute," ukasema. "Tena lina adabu. Angalia, linakusubiri. Linapepesa jicho tu."

Kweli lilikuwa likipepesa, kile kialama chake kidogo, waka, zima, waka, zima, kama mtu anayekaa kimya akikutazama. Nilisogea nyuma hata hivyo. Ulicheka ukaniita mkubwa wangu, kama ulivyoniita kila mara nilipoogopa.

Siku uliyoleta modem unaikumbuka? Kijiti cheupe, kipana kama kidole gumba cha Baba. Aliyekuuzia alikuonya kwamba bila Windows hakitafanya kazi, ukamwambia utaona. Ulipokichomeka tukakaa wote wawili tukitazama kioo, na kilichotokea ni picha ya CD. Basi. Ndani ya hiyo CD kulikuwa na programu ya kuiwekea kompyuta, ya Windows, isiyotufaa kwa lolote. Hapakuwa na mtandao wala dalili ya mtandao.

"Umeuziwa flash," nikasema.

Ulikiinamia kioo. Kisha ukaanza kucheka, ukacheka mpaka ukakaa juu ya ndoo. "Kulwa," ukasema, "huyu ni wewe."

Sikuelewa mpaka uliponikumbusha hadithi ya Mayu. Siku tuliyozaliwa hakuna aliyejua kuwa tuko wawili. Mkunga alinipokea mimi, akanifuta, akampa Mayu hongera, akaenda kunawa mikono. Mayu akamwambia rudi, kuna mtu mwingine. Mkunga akasema ni uchovu tu, mama, pumzika. Mayu akasema mara ya pili, kwa ukali, na mkunga aliporudi akakukuta njiani. Nikaitwa Kulwa kama wa kwanza wote, ukaitwa Doto kama wanaofuata wote. Uliipenda hadithi hiyo kupita kiasi. Ulikuwa ukiwaambia hata wateja: mimi nilikaribia kuachwa ndani kwa sababu watu waliridhika na wa kwanza.

"Hiki kidude kina mapacha," ukasema. "Anayeonekana ni Kulwa. Doto yuko nyuma yake. Kosa la watu ni kwamba wanamwona wa kwanza, wanaenda kunawa mikono."

Ukafungua dirisha jeusi. Ukaandika *lsusb*, na kompyuta ikataja vitu vyote vilivyochomekwa kwake, kila kimoja na jina lake na namba yake. Ukanionyesha cha kwetu na ukaniambia nishike namba yake ya mwisho. Kisha ukaandika *eject*, amri ya kumtoa CD, kana kwamba tumemaliza naye. Ile picha ikapotea na taa ya modem ikazima.

"Umekiua," nikasema.

Uliinua kidole tu, bila kunitazama. Tukangoja. Nje mtu alikuwa akibishana na bodaboda. Taa ikarudi, ya rangi nyingine. Ukaandika ile amri ya kwanza tena, na, ndugu yangu, jina lilikuwa lile lile lakini namba ya mwisho ilikuwa imebadilika. Kitu kilekile, kwenye tundu lilelile, hakuna aliyekigusa, na sasa kompyuta ilikiita modem.

"Hujaongeza kitu?" nilikuuliza.

"Sijaongeza. Alikuwa humo."

Nimesoma vitabu vingi kuliko wewe, na sikumbuki kitabu kilichonifanya nikae kimya kama jibu hilo.

Baadaye ukakileta kijijini, kwa sababu chama kilikuwa kimepewa maagizo kwamba orodha za wakulima zitatumwa kwa mfumo wa mtandaoni, na ofisini hapa mtandao haufiki. Simu zinashika kwenye kichuguu tu, nyuma ya ghala. Ukaiacha laptop yako ofisini, ukaiunganisha na betri ya sola, ukatafuta waya mrefu wa USB, ukasema modem itakaa nje juu ya mti wa kuchimbia na kompyuta itakaa ndani. Kisha ukaja nyumbani ukachukua sufuria kubwa ya Mayu, ile ya ugali wa msiba na harusi, ukaitoboa tako. Modem ikapita kwenye tundu ikakaa katikati ya sufuria, na mdomo wa sufuria ukauelekeza Bariadi.

Mayu alikukuta juu ya ngazi. "We Doto! Sufuria yangu umeifanya nini?"

"Inakusanya mtandao, Mayu. Kama inavyokusanya moto."

"Umeitoboa!"

"Tundu dogo."

"Sufuria yenye tundu dogo inaitwaje?"

Ulifikiri, kisha ukasema, "Inaitwa ya Doto." Akakurushia kandambili, ikakukosa, ikabaki juu ya bati mpaka mvua ilipoishusha.

Sitaandika sana juu ya ugonjwa wako. Ulikuwa mfupi, na wote waliokuhudumia walijitahidi. Tulipotoka kukuzika, Mayu alipita ofisini mwenyewe, akaishusha sufuria yake, akaenda nayo nyumbani kichwani. Modem niliiweka kwenye droo ya ofisi. Karani aliyekuwepo hakuigusa. Alikuwa akipanda pikipiki na flash mfukoni mpaka Bariadi mjini, anatuma kutoka huko, anarudi. Alipohama nikapewa kazi yake, na mimi nikafanya vivyo hivyo. Njia ya pikipiki niliielewa.

Sasa nikupeleke kwenye siku yenyewe.

Orodha ya mwaka huu ilikuwa ya dawa ya kupulizia pamba. Nilikuwa nimeimaliza jana yake, nimeihakiki jina kwa jina, na asubuhi hiyo ningekwenda mjini. Kuanzia alfajiri mvua ilinyesha kama imetumwa. Bodaboda aliyekuwa anichukue alikuja kwa miguu, suruali imekunjwa mapajani. "Karani, leo hakuna safari," akasema. "Korongo limejaa. Hata ng'ombe wamegoma, na ng'ombe hawajali."

Mwenyekiti wetu, Mzee Maduhu, akapanda kichuguu na mwavuli kupiga simu wilayani. Alirudi amelowa upande mmoja. "Wanasema mfumo unafungwa leo saa kumi," akatuambia. "Ukifungwa umefungwa. Kijiji ambacho hakijaingia, hakina dawa msimu huu."

Wakulima walikuwa wameshaanza kukusanyika barazani, unajua wanavyofanya mvua ikinyesha. Minza akaingia. Ni yule mjane wa ng'ambo ya ghala, mwenye mdomo ambao wewe pekee uliuweza. Akanisalimu vizuri, akaulizia nyumbani, kisha akaweka kitumba kimoja cha pamba juu ya meza yangu. Kilikuwa na tundu, na ndani ya tundu funza mnene alikuwa akijigeuza.

"Huyu," Minza akasema, "hana habari na mfumo wenu. Yeye anakula."

Nilimtazama yule funza na nikaona shamba lake Minza, ambalo ndilo linalowalisha watoto wake wote, na nikaona la Mayu. Msimu bila dawa unajua unavyokuwa. Tulishakula mihogo ya msimu huo tukiwa wadogo. Nikaificha mikono yangu chini ya meza.

"Si kuna kile kidude cha Doto?" akasema Mzee Maduhu.

Jina lako halikuwa limetajwa ndani ya chumba hicho tangu tukuzike. Yeye mwenyewe alishtuka, akakohoa.

"Sijawahi kukiwasha mwenyewe, Mzee," nikasema.

"Eti mlikaa tumbo moja," akasema Minza, "na hukijui!"

Watu wakacheka, na kicheko chao kikanisogeza mpaka kwenye droo. Modem ilikuwepo, waya ulikuwepo. Laini yako ya simu ilikuwa imeshafungwa zamani kwa kukaa bila kutumika. Minza akatoa simu yake ya vitufe kifuani, akaifungua kwa ukucha. "Shika ya kwangu. Mwanangu wa Lamadi aliniwekea bando jana. Anasema ina dakika na MB. Dakika nazijua, hizo MB sijui hata hukaa wapi. Zichukue."

Laini yake nikaitia kwenye modem. Ikabaki sufuria. Mtu akatumwa kwa Mayu.

Sikutegemea aje. Lakini alikuja, kanga imelowa, sufuria kichwani, na nyuma yake kuku akimfuata akimtukana. Huna habari: tangu alipoichukua, sufuria ile aliiweka pembeni mwa jiko na kuku akaigeuza kiota. Alikuwa anaatamia humo. Mayu alikuwa ameyahamishia mayai kwenye kikapu akamwacha mwenyewe aamue. Nyasi zilikuwa bado zimo. Akatunyooshea kwa mikono miwili, akimwonyesha kuku kwa kidevu. "Yenyewe hii. Fanyeni haraka, nina mgeni barazani hana kiti."

Mti wako wa nje tukaukuta umeliwa na mchwa. Uliguswa tu, ukaanguka. Minza akautazama, akavuta benchi toka barazani mpaka nje, akapanda, akaishika sufuria juu ya kichwa chake kwa mikono yote miwili, mfuko wa plastiki ukiwa umefunika modem. "Nimesimama kanisani muda mrefu kuliko huu," akasema. "Haya, mkunga, zalisha."

Nikarudi ndani. Nikachomeka waya. Mzee Maduhu alikuwa amesimama nyuma yangu karibu kiasi kwamba nilisikia anavyopumua. Kioo kikafikiri, kisha kikaonyesha picha ya CD.

"Mbona ni CD?" akauliza Mzee Maduhu. "Hii si ni kama flash?"

Mlangoni wakalipokea neno hilo, wakalipeleka barazani. "Wanasema ni flash." "Flash? Siku zote hizo?" "Kwa hiyo Doto alituwekea flash juu ya mti?" Mmoja akacheka kidogo, si kwa ubaya. Doto, nilijua kinachofuata. Nilikuwa nimekiona kwa macho yangu Somanda. Lakini nilijua kama mtu anavyojua njia ambayo daima amepita akiwa amebebwa. Nilitazama pale pa kufungulia dirisha jeusi na nikafikiri: orodha nzima ya kijiji imo ndani ya mashine hii. Neno moja baya. Nikaondoa mikono kwenye kibodi.

Ndipo nikasikia mtu anacheka kwa sauti mlangoni, kicheko cha tumbo, na nikageuka kwa sababu nilikuwa nimekisahau. Ni Mayu. Hakuwa amecheka tangu makaburini.

"Ameonekana mmoja?" akaniuliza.

"Mmoja tu, Mayu."

"Basi mkunga asinawe mikono," akasema.

Hakuna mwingine aliyeelewa. Mzee Maduhu aliniangalia mimi, akamwangalia yeye. Mayu alikuwa ananitazama usoni, maji ya mvua yakimtiririka, akitabasamu kama mtu anayengoja kitu anachojua kipo.

Nikafungua dirisha jeusi. Likapepesa jicho. Nikaandika *lsusb*, na modem yako ikatajwa, na namba yake nikaishika. Nikaandika ile amri ya kumtoa wa kwanza. Kompyuta ikadai neno la siri, lile ninaloifungulia kila siku, na nilipoandika herufi hazikuonekana hata moja, nikadhani kibodi imekufa. Kisha nikakumbuka kwamba ndivyo lilivyo, halionyeshi siri ya mtu. Nikabonyeza. Picha ya CD ikapotea. Nje Minza akapiga kelele, "Taa imezima!"

"Kimekufa," akasema Mzee Maduhu.

Niliinua kidole. Sikukusudia. Mkono uliinuka wenyewe, na niliuona hewani ukiwa umetulia, na nikaujua ni mkono wa nani.

Tukangoja. Mvua ilikuwa imepungua, matone machache tu juu ya bati. Watu wote waliokuwa barazani walikuwa wamejazana mlangoni, wazee kwa vijana. Nikaandika amri ya kwanza mara ya pili, na nikasoma, na namba ilikuwa imebadilika. Kwenye kona ya juu ya kioo, kwenye orodha ya miunganisho ambayo kwa muda wote ilikuwa tupu, likatokea jina moja, ule muunganisho uliouandaa mwenyewe siku zile na ambao kompyuta ilikuwa imekutunzia. Ungeweza kuupa jina la kampuni ya simu. Ungeweza kuuita ofisi, au pamba, au jina lako. Uliuita KULWA.

Sikujua, Doto. Nilikaa miezi yote na mashine hiyo mbele yangu na sikujua kwamba jina langu limo, linangoja mwenzake atoke ndipo lionekane.

Nikabonyeza jina langu. Likajaribu, likashindwa. Nikabonyeza tena. Likashindwa.

"Minza! Geuza!"

"Nigeuze wapi?"

"Upande wa Bariadi!"

"Bariadi yenyewe mvua tupu, siioni!"

"Geuza kama unakwenda kanisani!" akapaza Mzee Maduhu, na nikasikia benchi likilia. Kisha sauti ya Minza, lakini ya chini, ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Kimefungua jicho. La buluu."

Mfumo ulifunguka pole pole, kipande kwa kipande, kama mtu mzee anayeinuka. Nikaingiza majina. Nilipofika kwenye lako nikasimama. Lilikuwa bado kwenye orodha yangu. Nililihakiki jana yake pamoja na mengine, nikalipita. Lile shamba lako la kando ya korongo Mayu ndiye analilima sasa, lakini kwenye orodha lilikuwa la Doto, na mimi ndiye karani, na nilikuwa nimeliacha.

Mzee Maduhu akainama sikioni. "Acha tu, mwanangu. Dawa ya jina lake itamfaa mama yenu." Alisema kwa huruma, simlaumu. Lakini mfumo unauliza kama kila jina ni la mtu anayelima, na ninayejibu ni mimi.

Nilimtazama Mayu. Hajui kusoma, lakini alijua nimefika wapi.

"Mtoe," akasema. Akavuta pumzi. "Andika langu."

Nikakutoa. Nikaandika la Mayu mahali pale. Nikatuma. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, na saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi kiasi kwamba sikutaka kuitazama. Kisha maandishi yakaja, neno moja la kijani, nikalisoma kwa sauti kwa sababu ndiyo kazi ya karani:

"Imepokelewa."

Nilitegemea vigelegele. Hakuna aliyepiga. Mzee Maduhu alivua kofia, akakaa kwenye kiti cha wageni. Naona nilijua walichokuwa wakifikiri kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiri. Korongo lilikuwa limejaa. Hakuna mtu, hakuna ng'ombe aliyeweza kuvuka siku ile. Na majina ya watu wa hapa, wengine hawajawahi kupita Lamadi, yalikuwa yametoka kwenye chumba cha bati, yakapanda kwenye sufuria ya msiba na harusi yenye tundu, mikononi mwa mjane aliyesimama juu ya benchi, yakavuka maji yote yale, yakafika mahali, na mahali hapo pakaitika. Nimesoma jinsi mawimbi yanavyosafiri. Naweza kulieleza darasani. Siku ile halikunisaidia.

"Yamefika Dodoma?" akauliza Mzee Maduhu baadaye.

"Yamefika, Mzee."

Akafikiri. "Na hayajalowa?"

Aliuliza kwa dhati, na hakuna aliyemcheka. Nikamwambia hayajalowa.

Minza alikuwa bado juu ya benchi. Tulimsahau. Alipoambiwa ashuke alisema mikono imeganda, ikabidi wampokee sufuria kwanza kisha yeye. "Wabeja, mwanangu," akanishukuru, mimi, ambaye siku zote ananiita karani. Yule funza wake alikuwa bado juu ya meza yangu. Akamchukua, akamtazama, akamwambia, "Na wewe tumekuandikisha."

Dawa zimefika juzi. Leo asubuhi nimesikia pampu zikivuma toka mashambani, na shamba la kando ya korongo nalo lilikuwa likivuma. Tumechimbia mti mpya, safari hii bomba la chuma, mchwa watafute pengine. Mayu hakuidai sufuria yake. Kuku alisusa, kisha akayafuata mayai kwenye kikapu. Wiki iliyopita chama cha kijiji jirani kilinitumia mtu niende kuwawekea modem kwenye kompyuta yao, nao ni watu wa Linux kwa kukosa leseni, na nao walikuwa wameona CD wakakata tamaa. Nilienda. Niliogopa njia nzima. Sijaacha kuogopa, nisikudanganye, ila sasa naogopa nikiwa nafanya.

Kuna jambo moja limenikalia, na ndilo hasa limenifanya niandike. Watu walikuwa wakija Somanda wanakutafuta wewe, na hapa kijijini wakija nyumbani wanakutafuta wewe. Walikuona, wakaridhika. Na mimi niliyezaliwa wa kwanza nilikaa nyuma yako, kwa raha zangu, nikijua hakuna atakayeuliza kama kuna mwingine. Siku ile Mayu aliposema mkunga asinawe mikono, nilidhani anasema juu ya modem. Nimelirudia neno hilo kichwani, nikakumbuka alivyosimama mlangoni na macho yake yalikuwa wapi. Hakuwa anatazama kioo, Doto. Alikuwa ananitazama mimi.

Jua limegeuka, na salamu nayo imegeuka. Mwadila, ndugu yangu. Usijali kuitika.

Ni mimi pacha wako, uliyekuwa ukimwita mkubwa,

Kulwa